Uko na Watu Hapo?

Sufuria kubwa kuliko zote nyumbani kwa Jeptoo ilikuwa haijaguswa tangu ainunue. Jumamosi hiyo aliitoa kabatini, akaisuuza vumbi, akaijaza maji na maziwa, akatia majani ya chai na tangawizi iliyopondwa, akawasha jiko. Kisha akachukua koleo akatoka kuondoa theluji kwenye ngazi za mlango wa mbele, mlango ambao mwenyewe hakuwa akiupita, maana huku Minnesota mwenye nyumba huingia kwake kupitia gereji kama mzigo. Akanyunyiza chumvi ili mgeni asiteleze. Akarudi ndani, akaurudishia mlango bila kuufunga kwa ufunguo, akapanga viti vyote ukutani, akaketi kwenye kile cha karibu na dirisha, akangoja watu.

Mama yake alikuwa amefariki Jumanne.

Kwa watu wa kwao, na kwa Wakenya wote aliowajua katika miji hii miwili pacha ya Minnesota, mfiwa hajitangazii msiba. Hilo halijaandikwa popote, lakini hata mtoto analijua. Kazi ya mfiwa ni kukaa. Wengine ndio hupigiana simu, hupika, huulizana nani ana gari kubwa. Wanakuja bila kualikwa na hawagongi mlango. Wanavua viatu, wanajaza viti kisha sakafu, wanasali, wananyamaza kimya cha heshima. Halafu mtu mmoja, mara nyingi mama mtu mzima, huvuta pumzi na kuuliza: "Kwani ilikuwaje?" Hapo ndipo mfiwa husimulia ugonjwa tangu siku ya kwanza hadi pumzi ya mwisho, na wasikilizaji huitikia "eeh" na "pole." Akiingia aliyechelewa, anasimuliwa upya. Hadithi hurudiwa na kurudiwa hadi inalainika mdomoni na mtu anaweza kuishi nayo.

Jeptoo alikuwa na hadithi hiyo kooni tangu Jumanne. Hakutaka maua wala mahubiri. Alitaka aulizwe.

Asubuhi ile kaka yake Solomon alikuwa amepiga simu kutoka Nandi. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi, sufuria zikigongana, mtu akiuliza kisu kiko wapi.

"Pole, dada. Ulilala?"

"Nililala kidogo."

"Uko na watu hapo?"

Jeptoo aliangalia sebule yake. Palikuwa na kochi, televisheni, na mfuko mkubwa wa vifaa vya hoki ulionuka jasho la msimu mzima.

"Wako," akasema. "Nyumba imejaa. Hata nimetoka nje ndio nikusikie."

"Ashukuriwe Mungu. Nilikuwa na wasiwasi. Nilitaka kumpigia rafiki yako Joan nimwambie asikuache, lakini kama wako, basi niwache."

"Joan yuko. Yuko jikoni."

Mwanamke mzima, nesi, kocha anayewanyima wasichana wa timu yake muda wa kucheza wakisema uongo, akamdanganya kaka yake wa damu wakati wa msiba wa mama yao. Simtetei. Lakini jaribu wewe kumwambia mtu aliyezungukwa na ukoo mzima kwamba uko peke yako na sufuria. Jeptoo angekuwa na njia angepanda ndege Jumanne ileile. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa serikalini zikisubiri muhuri, na wakili alikuwa amemwambia wazi kwamba akitoka sasa huenda asirudi.

Na si kwamba alizaliwa mtu wa upweke. Shuleni kule Nandi hapakuwa na timu isiyomgombania. Alikimbia mbio za kati, akacheza mpira wa wavu, akacheza mpira wa mikono, na mashindano ya wilaya yakifika alishika gongo akacheza hoki ya nyasi, pembeni kulia, kwa viatu vya kuazima. Gongo lake la kwanza alichongewa na mama yake kutoka tawi la mzeituni mwitu, na lilipinda vizuri kuliko la dukani. Mama hakukosa mechi. Alisimama kando ya uwanja na mwavuli wake, mvua au jua, akipiga kelele: "Kimbia!" Ilikuwa "Kimbia!" kwenye mbio, "Kimbia!" kwenye hoki, na "Kimbia!" hata kwenye mpira wa wavu ambako hakuna pa kukimbilia. Timu nzima ilimcheka, na timu nzima ilikimbia.

Mbio ndizo zilizomleta Minnesota, chuoni, kwa ufadhili. Mwaka wa pili mshipa wa kisigino ukakatika na mbio zikaisha. Akasomea unesi. Siku moja ya baridi, akichechemea kando ya kidimbwi kilichoganda, aliona wanawake wakifukuzana na magongo juu ya barafu. Alisimama pale hadi vidole vikafa ganzi. Mchezo aliujua. Pasi aliijua, pembeni kulia alipajua, hata matusi aliyatambua kwa sauti kabla ya kuyaelewa kwa maneno. Kilichobadilika ni uwanja tu.

Alijifunza kuteleza ukubwani, pamoja na watoto wa chekechea waliokuwa wakisukuma viti vya plastiki mbele yao ili wasianguke. Naye alisukuma chake. Alianguka kuliko wote, maana alikuwa na urefu zaidi wa kuanguka. Katika mechi yake ya kwanza ya ligi ya kina mama alivunjika mkono, na alipokuwa akitolewa nje alisikia kishindo nyuma yake. Wachezaji wa timu zote mbili walikuwa wakigonga barafu kwa magongo. Alidhani wanamzomea. Baadaye akaelezwa kwamba ndivyo wachezaji wa hoki wanavyosema pole, kwa kuwa mikono iliyovaa glavu nene haiwezi kupiga makofi.

Alicheza miaka mingi, kisha goti likagoma, akawa kocha msaidizi, na sasa alikuwa kocha mkuu wa timu ya wasichana huko Crystal. Alihama Eagan, alikokuwa akiishi karibu na kazi, akanunua kijumba kilicho mwendo mfupi wa gari kutoka uwanja wa barafu. Wasichana walimpenda kwa namna ya watoto wa huku, yaani walimwita kwa jina na kumwonyesha picha za mbwa wao.

Hoki ina ubaya mmoja. Barafu ni ya kugawana, na zamu ya wasichana wadogo huangukia Jumapili asubuhi, saa zilezile za ibada ya Kiswahili. Mwanzoni wenzake wa kanisani walimtania tu. Joan, mwanamke wa Kakamega aliyekaa naye chumba kimoja kule Eagan tangu siku za chuo, alimwambia: "Wewe Jeptoo, Mungu amekutoa kwa jua la Kenya, ukaenda ku-apply job ndani ya freezer?" Mara moja walikuja wote kutazama mechi, wamejifunika mablanketi, wakapiga vigelegele kwa nguvu hadi mwamuzi akasimamisha mchezo akidhani kuna mtu kaumia. Ilikuwa siku nzuri. Hawakurudi tena, kwa sababu baridi ya mle ndani haina adabu, na Jeptoo naye hakuwarudia kanisani. Akatoka kwenye kundi lao la WhatsApp, maana lilikuwa likilia mfukoni katikati ya mechi.

Halafu baba yake Joan akafariki. Ilikuwa wikendi ya mashindano, timu iko Duluth, mbali kaskazini, na Jeptoo hakwenda kwenye matanga. Alituma maua. Aliyachagua kwenye simu, akalipa kwa kadi, yakaachwa mlangoni kwa Joan na mtu wa kusambaza mizigo. Joan alijibu kwa neno moja, asante. Tangu hapo hawakuwa wameongea, na mwaka ulikuwa umepita. Ndiyo sababu Jeptoo hakuweza kuinua simu. Ungempigia vipi mtu uliyemtumia maua umwambie aje akae nawe sakafuni?

Mama alikuwa ameiona hatari hiyo ya kubaki peke yake mapema kuliko yeye. Jeptoo alimtumia video za mechi, naye mama alikuwa akizitazama na kuuliza maswali yaleyale. Watoto hao hawasikii baridi? Mbona wanasukumana hivyo na hawapewi kadi? Na mwisho, kabla ya kuaga, aliuliza: "Na wewe huko unakula na nani?"

"Nakula na timu, Mama."

"Timu," mama alisema, na kwa sauti ile hukujua kama amekubali au amekataa.

Jumamosi ile mchana gari la kwanza lilisimama nje. Jeptoo alisikia mlango wa gari, kisha hatua kwenye theluji kavu. Akakaa vizuri, akavuta leso magotini, akainamisha kichwa kama inavyompasa mfiwa. Hatua zilikaribia, zikazunguka upande wa nyumba, zikapotea, zikarudi. Gari likaondoka.

Akasema moyoni ni mtu wa mizigo.

Baada ya muda likaja la pili, na lilifanya vilevile. La tatu lilipoondoka alinyanyuka akafunua pazia, akaona taa nyekundu tu zikikata kona. Hapo ndipo wazo baya lilipomwingia. Labda walikuwa watu wake. Labda habari zilikuwa zimewafikia kwa njia nyingine, wakaja, wakachungulia, wakakuta hakuna gari barabarani wala viatu mlangoni, wakasema tumekosea nyumba. Nani aliwahi kuona matanga yasiyo na viatu mlangoni?

Akaenda chumbani akafungua kabati. Alitoa viatu vya kazini, vile vyeupe vya mpira. Akatoa viatu vya misumari alivyokimbilia chuo, vilivyokauka ngozi. Akatoa vya mpira wa wavu, vya hoki ya nyasi, raba za mazoezi jozi kwa jozi, mabuti mawili ya theluji, na mwisho viatu vyake vya makali vya kutelezea. Akavipanga nje kwenye ngazi alizozifagia, vingine vimelala ubavu kama vimevuliwa kwa haraka, ili apitaye aone kwamba ndani mna watu. Maisha yake yote ya michezo yalikuwa pale kwenye baridi, na miguu yote ilikuwa yake.

Akaingia ndani, akakaa, akangoja tena. Magari mengine yalikuja, yakazunguka pembeni, yakaondoka. Chai ilifanya utando. Giza lilipoingia, na huku linaingia mapema bila kuomba ruhusa, alijimiminia kikombe kimoja akanywa amesimama. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Cha mtu mmoja hawakusema ni nini, na Jeptoo aliwaelewa kwa nini walinyamaza. Alilia kidogo, kwa aibu zaidi kuliko kwa msiba, kisha akazima taa.

Jumapili asubuhi nyumba ilimshinda. Alikuwa ameomba ruhusa kwa timu akitaja msiba, na msaidizi wake ndiye angesimamia mechi, lakini alivaa jaketi akaenda gereji awashe gari. Alipobonyeza kidude mlango mkubwa ukapanda, na pale nje, kando ya njia ya gari, palikuwa na boksi kubwa jekundu la plastiki, la aina ile watu wanayobebea vinywaji wakienda ziwani. Juu yake palirundikwa sahani za karatasi ya alumini, kwa kuwa boksi lilikuwa limejaa pomoni.

Alifunua moja baada ya nyingine. Kulikuwa na tambi na jibini. Kulikuwa na viazi, nyama ya kusaga na mahindi, chakula wanachopika watu wa huku mtu akizaliwa na mtu akifa. Kulikuwa na wali wa kunata na kuku kutoka kwa bibi yake kipa wao, familia ya Kihmong, wahamiaji kutoka Asia, iliyokuwa ikiendesha gari kutoka mtaa wa Frogtown kila mazoezi. Vyote vilikuwa vimeganda vikawa vigumu kuliko barafu ya uwanjani. Kila sahani ilikuwa na kadi, na kadi zote, ingawa zimeandikwa na mikono tofauti, zilisema jambo lilelile: pole sana kwa kumpoteza mama, usijibu, usirudishe chombo, hatukutaka kukusumbua.

Jeptoo aliketi juu ya boksi. Kumbe hizo ndizo hatua alizozisikia. Walikuwa wamekuja wote. Walikuwa wamenyata, familia baada ya familia, wakizuia watoto wasipige kelele, ili asisikie. Huenda hata waliviona vile viatu mbele wakafurahi kwamba ana wageni. Watu hawa humpenda mfiwa kwa kumwacha, na yeye alikuwa amekaa ndani mlango wazi akiomba watu waingie. Akakumbuka maua aliyomtumia Joan, akayawaza yalivyosimama mlangoni kwenye chombo chao, na mara hii hakuweza kujizuia. Alilia kwa sauti, pale njiani, mbele ya majirani na mbwa wao.

Simu ikaita akiwa bado analia. Alikuwa Solomon.

"Dada, leo watu wako hapo?"

"Hapana," Jeptoo akasema.

"Wametoka?"

"Hawakuja, Solomon. Hawajui. Nilikudanganya. Niko peke yangu tangu Jumanne."

Nyuma ya Solomon watu waliendelea kuongea, mtoto akilia, jogoo akiwika saa isiyo yake.

"Peke yako," akarudia pole pole. "Wewe Jeptoo. Mama angesikia hivyo angekufa mara ya pili." Kisha akashtuka kwa alichosema, na wote wawili wakacheka kicheko kibaya chenye machozi. "Sasa nisikize. Nampigia Joan."

"Joan amenikasirikia."

"Akasirike. Mimi namwambia ulivyo. Huko kukasirika atakuja nako."

Jeptoo aliingiza sahani zote ndani, akaenda uwanjani.

Wasichana walikuwa chumba cha kubadilishia nguo wakifunga kamba za viatu. Meneja wa timu, mama mmoja aitwaye Solveig, jina ambalo Jeptoo alichukua misimu miwili kulitamka sawasawa, alisimama mlangoni na chupa za maji. Alipomwona akapiga hatua nyuma, kama vile kumkaribia ni kumkosea.

"Hatukutegemea kukuona," akamwambia kwa Kiingereza. "Ulipata chakula? Tuliandika kwenye simu, lakini hukujibu, tukajua unahitaji nafasi yako."

"Ujumbe wa timu niliunyamazisha," Jeptoo akasema. "Chakula nimekipata. Ahsanteni. Waite wazazi waingie."

"Wote?"

"Wote."

Waliingia wakabanana kati ya mifuko, kina baba wamevua kofia. Jeptoo akachukua ule ubao mweupe anaochorea mbinu za mchezo. Ubao aliujua, na kalamu ilipougusa, sauti yake ikarudi kuwa ya kocha.

"Hii ni nyumba yangu," akasema, akachora mstatili. "Hapa ni mlango wa mbele. Hapa ni wa gereji." Ule wa gereji akaukata kwa alama ya msalaba. "Huku hakuna mtu kupita. Nyote mnapita hapa mbele. Hamgongi. Mnafungua."

Wakatazamana. Kocha wao hakuwa mtu wa utani kabla ya mechi.

"Mkishaingia, viatu vinabaki hapa." Akachora vijiduara. "Mimi niko hapa. Nyinyi mko hapa, hapa, na hapa. Chini."

"Chini sakafuni?" mmoja wa kina baba akauliza.

"Sakafuni. Viti ni vya bibi wazee. Mkishakaa, mnanyamaza kidogo. Halafu mtu mmoja ananiuliza hivi." Akaandika kwa herufi kubwa: ILIKUWAJE. Akawatamkisha, mara ya kwanza kwa pamoja, kisha mmoja mmoja, kama anavyowarudisha mstarini wakiteleza vibaya. "Mkiuliza hivyo, mimi nitawaambia jinsi mama yangu alivyofariki. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Jana niliwangoja siku nzima. Nilisikia miguu yenu."

Solveig aliweka chupa chini. Uso wake ulikuwa umekuwa mwekundu hadi masikioni.

"Tunakaa hadi lini?" akauliza kipa, aliyekuwa amevaa vifaa vyote isipokuwa kofia ya chuma.

"Hadi mchoke. Kisha mkae kidogo tena."

Mechi yenyewe walifungwa, tena vibaya. Hilo halina haja ya kusimuliwa.

Jioni Jeptoo alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Chai ilikuwa mpya, na oveni ilikuwa ikiyeyusha tambi na viazi vya watu. Viatu vyake alikuwa ameviacha palepale ngazini, kwanza kwa uchovu, kisha kwa kuona haya kuviondoa. Magari yakaja mengi kwa mpigo. Hatua zikapanda ngazi, na hapo zikakwama. Alisikia minong'ono. Watu wazima kwa watoto walikuwa wamesimama mlangoni mwake, mkono mmoja ukitaka kugonga na mwingine ukiuzuia. Jeptoo hakusimama. Alitaka kusimama, awafungulie, awaambie msijali, kama anavyofanya kila siku ya maisha yake ya huku, lakini alishika magoti yake akabaki amekaa.

Kitasa kikazunguka.

Waliingia na baridi yao. Mabuti yakarundikana juu ya viatu vyake, ndani na nje. Wakaketi sakafuni na soksi zao za sufi, wasichana wamekunja miguu, kina baba hawajui waiweke wapi yao. Bibi yake kipa akapewa kiti. Hakuna aliyejua kusali kwa namna ya Jeptoo, na hakuna aliyejua wimbo. Aliona pengo hilo, likamuuma. Sebule ilikuwa imejaa na bado hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kulisikia jina la mama yake. Wakanyamaza, kama walivyoagizwa.

Halafu Solveig akafunua kiganja chake, mahali alipokuwa ameandika neno kwa kalamu, akavuta pumzi.

"I-li-ku-wa-je?" akauliza.

Jeptoo alikuwa ametayarisha Kiingereza chake. Alikuwa amekipanga tangu mchana, kifupi, chenye adabu, cha hospitali. Lakini swali lilikuja kwa Kiswahili, na jibu likatoka kwa lugha ya swali. Akasema jinsi mama alivyokwenda kuchuma chai na kunyeshewa. Akasema jinsi alivyokataa kwenda zahanati, akidai ni vumbi tu. Akawatazama nyuso zao na kujua kwamba hawaelewi neno, na hakuna aliyenyanyuka. Alipofika mahali Solomon alipomwekea mama simu sikioni, sauti ikamkatika kabisa.

Kipa akainua ngumi akagonga sakafu. Akagonga tena. Mwingine akamfuata, kisha wote, wasichana na wazazi, wakigonga mbao kwa vifundo vya vidole, taratibu, hadi vikombe vikatikisika mezani.

Katikati ya kishindo hicho mlango ukafunguliwa bila kugongwa. Joan alisimama kizingitini, leso begani, sufuria mikononi, kofia imejaa theluji. Aliwatazama Wazungu na Wahmong waliokaa chini na soksi. Kisha akainama avue viatu, na pale chini akaviona viatu vya misumari vya Jeptoo, vilivyokaa chini ya kitanda kule chumbani mwao Eagan miaka mingapi, na vya hoki ya nyasi, na vya mpira wa wavu. Aliviangalia kwa muda. Jeptoo alijua kwamba amevitambua, na kwamba ameelewa vilifika ngazini kwa nini.

"Ai, Jeptoo," Joan akasema. "Si ungenipigia tu?"

"Nilikutumia maua," Jeptoo akasema.

"Ulinitumia. Yalikauka." Joan akampa mtu wa karibu sufuria bila kuangalia ni nani, akapita kati ya miguu ya watu hadi mbele ya kiti, akaketi chini, magoti yake yakigusa ya Jeptoo. Kishindo kikanyamaza. "Haya. Mimi nimechelewa, sijasikia. Kwani ilikuwaje? Anza mwanzo."

Jeptoo alifuta uso kwa leso.

"Ilianza na kikohozi," akasema.

"Eeh," Joan akaitikia.